Mkalimani

Nilikuwa na miaka tisa na viatu vya shule vya kuazima
siku nilipomdanganya daktari wa Barabara ya Beverley.

Mama alisema: Wamo ndani ya friji.
Wanalijua jina langu la utotoni, lile la Pangani,
na usiku mashine ikianza kunguruma, wanalitaja.

Nami, kwa Kiingereza changu kipya, kimepigwa pasi kama sare:
Mama anaumwa kichwa. Halali vizuri.

Daktari akaandika. Akaniuliza kama nyumbani ni shwari.
Swali hilo sikumtafsiria Mama.
Nililijibu mwenyewe,
maana kwa kina Kacper alikuja mwanamke mwenye kitambulisho shingoni,
na Jumatatu kiti chake darasani kilikuwa kitupu.

Tukarudi na panadol.
Mvua ya Hull haidondoki, inasimama hewani ikikungoja.

Nyumbani: magazeti juu ya vioo,
waya wa friji umechomolewa, umefungwa fundo,
na mtindi ambao haukukusudiwa kuwa mtindi.
Tuliunywa. Nilitia sukari.

Vibanda vya simu vya mji huu vina rangi ya maziwa.
Mama aliingia kimoja bila senti,
akazungumza na dada yake saa nzima.
Dada yake tulishamsomea hitima.
Nilisimama nje nikiwaambia wapita njia kwa macho:
yuko kwenye simu tu.

Watu wetu walisema ana shetani. Wengine, kasoma sana.
Shangazi Mwanakombo akatuma kombe kutoka Tanga,
karatasi ya zafarani ndani ya bahasha ya DHL.
Niliiloweka, nikamnywesha.
Wiki nzima kucha zangu zilikuwa manjano;
mwalimu alidhani ni rangi ya kuchorea.

Nilipofika miaka kumi na miwili walimchukua.
Hawakutumia nguvu. Walitumia blanketi.
Mimi nikapelekwa Hessle kwa Bi Ogilvie,
nikajifunza kula njegere kwa uma,
nikajifunza kulala usiku kucha
na kuamka na aibu ya kulala.

Baadaye nikawa binti wa Idi na wa kadi.
Nilimpigia simu kama mtu anayelipa deni kidogo kidogo
ili asije akaulizwa salio.

Mpaka Machi hii. Alikuwa akichambua mchele,
miwani puani, hakuniangalia.
Akasema: Hedeki.
Nikasema: Nini?
Hedeki. Neno hilo nililijua kabla sijapanda ndege.
Nilikusikia siku ile, Zuhura.
Ulikuwa umelikumbatia begi kama umeficha mtoto ndani.
Nikasema moyoni: mwanangu akisema ni kichwa,
basi na kiwe kichwa.
Miaka mitatu nilijitahidi kuumwa kichwa tu.
Sikuweza. Lakini nilijitahidi.

Sikulia.
Niliokota punje zilizoanguka sakafuni,
moja moja, kwa muda mrefu kuliko idadi yake.

Sisemi tumepona.
Friji bado huizima usiku; namnunulia maziwa ya kopo.
Kuna maneno yake ya zamani ambayo nikiyakumbuka
hupunguza mwendo nikiwa njiani kwake,
na mara mbili nimegeuza gari.

Kila Alhamisi ya pili ni sindano. Namsindikiza.
Muuguzi anauliza, Mama anajibu mwenyewe,
Kiingereza chake kinachechemea lakini kinafika.
Mimi nakaa pembeni, mikono mapajani,
sijui bado namna ya kukaa bila kazi.

Juzi kituoni, basi limechelewa,
nilijishika paji la uso.
Akanigeukia.
Kichwa?
Kidogo.
Cha kweli, au kile chetu?